Macho ya Mama Baada ya Hedhi Kukoma

Somo la radio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, Singida Mjini

Ninyi mnaosoma katika vikundi, huko Ipembe, Utemini, Mandewa, Misuna na kwingineko mjini Singida, kila mmoja awe na daftari na kalamu. Kiongozi wa kikundi awe na kichupa kimoja cha dawa ya macho kilichokwisha. Tutakihitaji kabla ya mwisho wa somo.

Leo tutazungumza juu ya mambo matatu ambayo kwa kawaida watu huyazungumza mbalimbali: homoni, kuwaka kwa mwili, na maradhi yaitwayo glakoma, ambayo wengi huyaita presha ya macho. Tumeyaweka pamoja kwa sababu katika mwili wa mama aliyepita umri wa kuzaa mambo haya hukutana. Na hapo yanapokutana ndipo mama anapoweza kupotewa na macho yake polepole, bila maumivu, bila kujua.

Mabwana msiondoke. Kila mmoja wenu ana mke, mama, shangazi au dada. Tena glakoma haimwachi mwanamume.

GLAKOMA NI NINI

Tuanze na jicho lenyewe. Mbele ya jicho, nyuma ya kioo chake kinachong'aa, mna maji safi. Maji haya si machozi. Machozi huliosha jicho kwa nje. Maji haya yamo ndani, nayo hulilisha jicho na kulifanya likae katika umbo lake la duara. Kila dakika jicho hutengeneza maji mapya kidogo kidogo. Na kila dakika maji ya zamani hutoka kwa kupita katika kichujio chembamba kilicho pembeni, pale kioo cha jicho kinapokutana na ile duara yenye rangi.

Watu wa Singida mna mfano mzuri hapo mjini. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai hupokea maji ya mvua, lakini hayana mto wa kuyatoa. Maji hupungua kwa jua tu. Mvua zikizidi, ziwa lafanya nini? Lapanda, na kuingia mahali pa watu. Jicho nalo ni hivyo hivyo. Maji yakiendelea kuingia na njia ya kutokea ikiziba, jicho hukazana. Kukazana huko ndiko kunakoitwa presha ya jicho. Hupimwa kwa milimita za zebaki, na kwa watu wengi iko kati ya 10 na 21.

Sasa, nyuma ya jicho uko mshipa wa fahamu unaopeleka habari za kuona katika ubongo. Ni kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi zaidi ya milioni moja. Presha ikizidi, nyuzi zile hubanwa, hukosa damu ya kutosha, na kufa moja moja. Mara nyingi kuona kwa pembeni huanza kupotea. Mama huendelea kumtambua mtoto aliye mbele yake, huendelea kuchambua mchele, lakini hujikwaa katika kizingiti, hupiga bega mlangoni, na bodaboda inayotoka kando haioni mpaka iko karibu. Watu husema, "Ni uzee huo." Naye mwenyewe husema hivyo.

Shikeni neno hili: uzi uliokufa haufufuki. Hakuna miwani, hakuna dawa, hakuna upasuaji unaorudisha kuona kulikopotea kwa glakoma. Kinachowezekana ni kuyalinda macho yaliyobaki. Kwa hiyo siku ya kugundua maradhi haya ina thamani kuliko siku ya kuanza kulalamika.

Yafaa pia tuitenganishe glakoma na maradhi mengine matatu. Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi. Mtu akipasuliwa, kwa kawaida huona tena. Trakoma, ambayo imewatesa sana watu wa nchi kavu za kati, ni ugonjwa wa kuambukiza unaogeuza kope ndani. Na presha ya damu ni jambo jingine kabisa. Neno "presha" limewachanganya wengi. Mama humeza vidonge vya presha ya damu kila siku, akadhani macho yake nayo yametibiwa. Sivyo. Kipimo cha mkono hakipimi jicho.

Je, maradhi haya yapo kwetu? Yapo. Hapo Kongwa, katika mkoa wa jirani wa Dodoma, wataalamu waliwapima macho watu 3,268 wenye miaka 40 na zaidi, na habari zake zikatolewa mwaka 2000. Waliona kwamba watu 4 hivi katika kila 100 walikuwa na glakoma. Walio wengi walikuwa na ile inayokuja polepole, ambayo kichujio chake huzibika bila kelele.

HOMONI

Homoni ni tarishi wa mwili. Tezi huitengeneza, damu huichukua, na kiungo cha mbali huipokea na kuitii. Katika wanawake tarishi mmoja mkubwa huitwa estrojeni, nayo hutoka hasa katika ovari, yaani vifuko vya mayai. Kati ya miaka 45 na 55 hivi ovari huanza kupumzika. Hedhi huja na kukosa, mama huona joto la ghafla na jasho la usiku. Hedhi ikikosekana miezi 12 mfululizo, twasema imekoma. Kwa mama aliyeondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji, estrojeni hupungua mara moja, hata kama bado ni kijana.

Wengi hudhani kazi ya estrojeni ni uzazi tu. La. Huilinda mifupa, huilainisha ngozi, na huisaidia mishipa ya damu kutanuka. Hata katika jicho imeonekana sehemu zenye kuipokea. Na yako mambo mawili ya kutuonyesha kwamba jicho na homoni hujuana. La kwanza: wakati wa mimba, homoni zikiwa nyingi, presha ya jicho kwa kawaida hushuka. La pili: baada ya hedhi kukoma, presha hiyo huelekea kupanda kidogo. Huko Rotterdam, Uholanzi, wataalamu waliwachunguza wanawake zaidi ya 3,000, na mwaka 2001 wakatoa habari kwamba wale ambao hedhi ilikoma kabla ya miaka 45 walikuwa na glakoma karibu mara mbili na nusu kuliko wale ambao ilikoma kwenye miaka 50 au baadaye.

Hesabu hizo hazisemi kwamba kila mama ambaye hedhi imekoma mapema atapofuka. Zasema hivi: huyo ana sababu zaidi ya kupimwa.

Basi mtauliza, je, mama ameze dawa za homoni ili ayalinde macho? Jibu ni hapana. Huko Marekani dawa za homoni zilijaribiwa kwa maelfu ya wanawake. Mwaka 2002 sehemu moja ya jaribio hilo, yenye wanawake zaidi ya 16,000 waliopewa homoni mbili pamoja au kidonge kisicho na dawa, ilisimamishwa, kwa kuwa waliopewa homoni walizidi kupata saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda. Kwa upande wa macho, estrojeni ilishusha presha kwa karibu nusu ya milimita tu. Faida ni ndogo mno. Dawa za homoni zina kazi yake kwa mama anayeteswa sana na joto la mwili, naye huandikiwa na daktari baada ya kumchunguza. Si dawa za kutibu glakoma.

KUWAKA KWA MWILI

Ukichomwa na mwiba, mahali pale huwa pekundu, huwa pa moto, huvimba na kuuma. Madaktari huita hali hiyo inflamesheni. Sisi katika somo hili tutaiita kuwaka kwa mwili. Ni askari wa mwili wanaopigana na adui. Ni jambo jema likija kwa kazi na kuondoka kazi ikiisha.

Lakini kuna moto wa jikoni na kuna kaa lililofichwa chini ya majivu. Estrojeni, pamoja na kazi zake nyingine, husaidia kulituliza kaa hilo. Inapopungua, mwili wa mama huelekea kuwaka kidogo kidogo bila kuonekana, na wataalamu hupima dalili zake katika damu. Katika macho yenye glakoma pia wameona askari wa mwili wakiwa macho kupita kiasi karibu na ule mshipa wa fahamu. Ni kiasi gani moto huo unaua nyuzi, hilo wangali wanalipima.

Lakini kuna kuwaka kwingine ambako kila mama hukujua. Baada ya hedhi kukoma, macho hukauka zaidi. Machozi hupungua, au hayana mafuta ya kutosha. Mama huhisi mchanga jichoni. Ongezeni upepo wa Singida na vumbi la kiangazi. Ongezeni moshi wa kuni. Ongezeni kazi ya kuchambua vitunguu kutwa nzima pale soko la Misuna. Macho huwa mekundu, yanawasha, yanatoa machozi. Basi mama hufanya nini?

KICHUPA CHA DUKANI

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 53 ana macho mekundu. Jirani amwambia, "Shoga, mimi nilitumia dawa hii, siku mbili tu nikapona." Aenda dukani, anunua kichupa kama kile. Kweli, siku ya pili wekundu umeondoka na muwasho umetulia. Afurahi. Wiki ijayo moshi wamsumbua tena, atia tena. Mwezi wapita, miezi sita yapita, kichupa hakikosekani kwenye mkoba wake. Macho ni meupe, hayana maumivu. Lakini ndani presha inapanda, na nyuzi zinakufa.

Imekuwaje? Baadhi ya dawa za kuondoa wekundu upesi zina kitu kiitwacho steroidi. Na steroidi ni nini? Ni mwiga wa homoni. Juu ya kila figo iko tezi ndogo inayotengeneza kotisoli, homoni ambayo mwili huitumia kuuzima moto wake. Mwaka 1948 huko Marekani madaktari walianza kuwapa wagonjwa wa baridi yabisi dawa ya jamii hiyo, na watu waliolala kitandani wakainuka. Mwaka 1950 waliogundua jambo hilo walipewa Tuzo ya Nobel. Dawa hizo zikaenea ulimwenguni kote, na madaktari wa macho wakaanza kuona jambo jingine: katika baadhi ya watu, steroidi hukifanya kile kichujio cha jicho kuwa kigumu. Maji hayatoki. Presha hupanda.

Haimpati kila mtu. Lakini akitiwa dawa hiyo kwa wiki kadhaa, karibu mtu mmoja katika kila watatu presha yake hupanda kwa kiasi fulani, na wachache hupanda sana. Mwenye glakoma tayari, au ndugu yake mwenye glakoma, yuko katika hatari kubwa zaidi. Hapo, wasikilizaji, ndipo mambo yetu matatu yanapokutana: homoni moja imepungua, jicho limekauka na kuwaka, mama akauzima moto kwa mwiga wa homoni nyingine, na glakoma ikaingia kwa mlango wa nyuma.

Kiongozi wa kikundi, sasa chukua kichupa chako. Tazama jina la dawa, lile lenye herufi ndogo, si jina kubwa la biashara. Kama lina neno linaloishia kwa s-o-n-e, kama dexamethasone au betamethasone au hydrocortisone, au kwa l-o-n-e, kama prednisolone, hiyo ni steroidi. Kipitishe kichupa mkono kwa mkono, kila mmoja alione neno hilo. Asiyejua kusoma asomewe, kisha atazame umbo la neno lenyewe.

Hatusemi steroidi ni sumu. Kuna maradhi ya ndani ya jicho ambayo bila steroidi yatalipofusha. Twasema itumike kwa amri ya daktari, kwa siku alizozitaja, huku presha ikipimwa. Vidonge vya jamii hiyo vinavyomezwa muda mrefu kwa ajili ya pumu au viungo navyo vyaweza kupandisha presha ya macho. Lakini mwenye kumeza vidonge hivyo asiviache ghafla. Amwone daktari wake na kumwomba apimwe macho.

Na jicho kavu je? Daktari atakupa matone ya machozi ya bandia yasiyo na steroidi. Nawa uso kwa maji safi. Sogeza jiko mahali penye hewa, kaa upande ambao moshi hauji. Usitie jichoni maji ya majani, wala maziwa, wala dawa ya jirani.

JICHO LINAPOUMA GHAFLA

Glakoma nyingi huja kimya, lakini iko moja inayokuja kwa kishindo. Pembe ya kutolea maji hufungwa mara moja. Hii huwapata wanawake zaidi ya wanaume, maana kwa kawaida nafasi ya mbele ya jicho la mwanamke ni finyu zaidi, na kadiri umri unavyoongezeka lenzi hunenepa na kuibana nafasi hiyo.

Dalili zake ni hizi: jicho moja lauma vikali, ni jekundu, kuona kumekuwa na ukungu, taa yaonekana imezungukwa na duara za rangi, kichwa chauma upande huo, na mama anatapika. Kwa sababu ya kutapika na kuumwa kichwa, watu hudhani ni malaria au tumbo. Lione jicho! Mama anayetapika huku jicho lake moja ni jekundu na lauma, apelekwe hospitali siku ile ile. Hapa twahesabu saa, hatuhesabu siku.

KUPIMWA NA KUTIBIWA

Ukifika miaka 40, nenda kapimwe macho. Hedhi ikikoma, kapimwe tena, hata kama waona vizuri. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye glakoma apimwe kila mwaka. Katika hospitali ya mkoa ulizia kliniki ya macho. Usikubali kurudi na kipimo cha presha peke yake, maana wako watu wenye presha ya kawaida ambao mshipa wao unaharibika hata hivyo. Mwombe mtaalamu, kwa adabu, autazame na mshipa wa nyuma ya jicho. Mwambie pia hedhi yako ilikoma lini, na dawa zote ulizowahi kutia jichoni. Mchukulie kichupa chenyewe.

Tiba ni za namna tatu. Ya kwanza ni dawa ya matone, kila siku, maisha yote. Mwenye pumu au moyo unaopiga polepole aseme mapema, kwa sababu dawa moja inayotumiwa sana, timololi, haimfai. Ya pili ni mwali wa leza unaokifungua kichujio. Ya tatu ni upasuaji wa kuyafungulia maji njia mpya.

Juu ya leza, kuna habari njema iliyotoka hapa hapa Tanzania. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, wagonjwa 201 wa glakoma yenye presha ya juu waligawanywa: wengine leza, wengine matone ya timololi. Habari zilizotolewa mwaka 2021 zilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja leza ilifaulu katika macho 61 kwa kila 100, na matone katika macho 31 kwa kila 100. Safari ya Moshi ni ndefu kwa mtu wa Singida, lakini kama daktari akikuandikia, usiiogope.

Na kwa wanaotumia matone, kuna mtego. Dawa haikuongezei kuona. Mama hutumia miezi mitatu, haoni tofauti, asema, "Dawa hii haina nguvu," aiacha. Kumbe kutoona tofauti ndiyo kazi ya dawa: yaliyobaki yamebaki. Vuta ukope wa chini, tia tone moja tu, fumba macho, bonyeza kwa kidole ile kona ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika mbili. Kichupa kikishafunguliwa wiki nne, kwa kawaida hutupwa. Tena wenye nyumba msiione fedha ya dawa hii kuwa fedha ya kupotea. Mama akipofuka, mtoto mmoja ataacha shule ili amshike mkono.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Taja tofauti moja kati ya glakoma na mtoto wa jicho. Kwa nini tofauti hiyo yatuharakisha?
2. Kwa nini vidonge vya presha ya damu havitoshi kutibu presha ya jicho?
3. Mama amepona wekundu wa jicho kwa siku mbili kwa dawa ya dukani. Utamwambia nini bila kumwudhi?
4. Ni katika umri gani mama zako na bibi zako walikoma hedhi? Je, kuna aliyepofuka katika ukoo? Watu walisema ni nini?
5. Katika nyumba yenu, nani atamkumbusha mama dawa yake ya jioni?

Kazi ya nyumbani: kila mmoja akague dawa za macho zilizoko nyumbani kwake, asome majina yake, na aandike yale yanayoishia kwa s-o-n-e au l-o-n-e. Aliyeona moja, na mwenye kuitumia, waende pamoja kliniki ya macho kabla ya somo lijalo.

Wasikilizaji, hapo ndipo mwisho wa somo letu.